Breteli za jumeli: shingo imepona, hasira bado

Nianze na shingo, maana ndiyo iliyonipeleka dukani, nikatoka na breteli, yaani mikanda ya mabegani ya kubebea jumeli. Jumeli yangu, au darubini kama wengine mnavyosema, ni ya marehemu baba. Alikuwa mtafuta madini wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, mtu wa nyundo na ramani, na alizunguka nayo porini miaka mingi ikining'inia kwenye ukanda wa ngozi mwembamba kuliko kidole. Ni ya kizamani, ya chuma, yenye mabega mapana, na uzito wake haupungui sana kilo moja. Saa ya kwanza unaivaa kama pambo. Saa ya tatu ukanda umeshakula shingo. Kufika saa ya tano unaibeba mkononi kama mtoto mchanga, na mkono huo hauna tena kazi nyingine, iwe bunduki iwe tawi la kushikilia kwenye mteremko.

Natembea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwinda kanga, kwenye shamba la shemeji yangu barabara ya Kasenga, kibali ninacho, msinianze. Ya pili ni kutembea tu, kule Kundelungu, ambako ni hifadhi na bunduki inabaki nyumbani. Huko naenda na mfuko wa mgongoni, mkate, samaki wa kukausha, na jumeli. Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja kinachofaa safari zote mbili: kitoe uzito shingoni, kiweke mabegani, na jumeli isinipige kifuani kila ninapoinama.

Duka silitaji. Liko hapa Lubumbashi, mjini kati, linauza tochi, mahema, ndoano na nguo za madoadoa za kujifanya askari. Kijana wa pale kwanza alinipa ule mfuko wa kifuani wenye kifuniko, ambao siku hizi wawindaji wote wa kwenye video wanauvaa. Mzuri, siukatai. Ila umeshonwa kwa jumeli za sasa, zile nyembamba zilizonyooka kama chupa mbili zilizofungwa pamoja. Ya baba ilikataa kuingia, mabega yakabaki nje. Halafu kifuniko kinafungwa kwa sumaku. Nilikuwa na dira ya baba mfukoni, nikaisogeza karibu, sindano ikageuka kabisa ikatazama kifuniko kama mbwa anayetazama nyama. Nikamwonyesha kijana. Akasema, "Ni sumaku tu, papa." Haswa! Ukisoma dira ukiwa umeishika mbele ya kifua, ndipo watu wote wanapoishikia, kaskazini yako itakuwa kwenye tumbo lako. Kulikuwa na mwingine wa kufungwa kwa ule utepe wa kunata, ukiufungua unalia *kraaa*. Kanga wa Kasenga wangeshafika Zambia.

Nikachukua breteli. Mikanda minne ya mpira unaovutika, inakutana mgongoni kwenye kipande cha ngozi kama herufi X, na mbele ncha zinashikwa na klipu mbili za plastiki zinazofungwa kwenye masikio ya jumeli, yale matundu ya pembeni ya kupitishia ukanda. Dola 35, baada ya kubishana. Mke wangu aliponiona nimezivaa sebuleni alicheka mpaka akakaa chini. "Baba watoto, umejinunulia sutie?" Nikanyamaza. Ukweli, kwenye kioo zilifanana na sidiria.

Sasa niseme kweli yote, hata kama inaniudhi: zinastarehesha. Zinastarehesha sana. Wiki ya kwanza zilinitesa kwa sababu sikujua kuzipanga. Zilikuja zimelegezwa kwa kipimo cha jitu fulani, ile ngozi ya X ikawa imekaa juu, chini ya kisogo, na shingo ikaendelea kuuma vilevile. Dawa ni kuishusha mpaka ikae katikati ya mabawa ya mabega, mahali ambapo mkono wako mwenyewe haufiki kujikuna, ndiyo maana unahitaji mtu akusaidie. Mbele unakaza hadi jumeli ilale kwenye kifungo cha tatu cha shati. Ikikaa chini zaidi itapiga tumbo ukipanda mlima, ikikaa juu zaidi utaigonga kidevu ukitazama miguu. Na breteli zinavaliwa kwanza, mfuko wa mgongoni juu yake. Nilivaa kinyume mara moja, nikitaka kutoa mfuko nikajinyonga mbele ya watoto wa kijiji.

Kwa wenye bunduki kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Upande wa kulia, kile kifungo cha kukazia mkanda kilikaa hasa pale kitako cha bunduki kinapoegemea. Risasi ya kwanza ilinichapa alama ya mraba begani, mke wangu akauliza nani kanipiga muhuri. Kiteremshe kiende chini ya kwapa kabla hujatoka nyumbani. Baada ya hapo nilitembea asubuhi nzima bila kukumbuka kama nina shingo. Mwezi wa kumi, mnajua joto la hapa kwetu kabla ya mvua, ile ngozi ya mgongoni ililowa jasho, lakini ilikuwa kiganja kimoja tu, si kifua kizima kama ule mfuko.

Mpaka hapo nilikuwa naisifia kwa kila mtu. Nilimwambia hata padri.

Halafu tukaenda Lofoi. Kwa wasiojua, ni maporomoko ya Kundelungu, maji yanaruka kutoka uwandani juu na kuanguka zaidi ya mita 300. Kiangazi yanapungua, unaona uzi mweupe unaopeperushwa na upepo. Tulikuwa tunateremka kwenye mawe ili tuone vizuri. Nikainama kushika mzizi, mkono mmoja tu chini, nikasikia *tak*. Sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kuchokolea meno. Klipu ya kulia. Jumeli ikazunguka ikining'inia kwenye klipu ya kushoto, ikapiga mwamba mara moja. Mara moja tu. Kioo hakikupasuka, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikaiweka machoni kutazama maporomoko, nikayaona mawili.

Nilidhani ni machozi. Nikapangusa. Bado mawili, moja limesimama juu kidogo ya lingine. Ndani ya hizi jumeli za zamani mna vipande vya kioo vinavyopindisha mwanga, na pigo dogo likisogeza kimoja, kila jicho linapata picha yake. Ukilazimisha macho yaziunganishe, kichwa kinaanza kupasuka. Jumeli iliyopita na baba kwenye mashimo, matope na magari ya kila aina, imekuja kuharibiwa na plastiki ya ukubwa wa kucha.

Siku chache baadaye nikarudi dukani. Hapa mke wangu anasema niliingia nikiwa nimeshapandisha sauti. Inawezekana. Safari hii kijana hakuwepo, alikuwepo mwenye duka, amekaa nyuma ya meza na simu.

"Jambo papa."

Hakuinua macho.

"Hii kintu ilivunjika."

"Ulifanya nayo nini?"

"Nilitembea."

Hapo akainua macho. Akashika breteli kwa vidole viwili, kama anashika soksi ya mtu mwingine. "Papa," akasema, "hii haiko ya kutembea."

Niliomba arudie. Akarudia. Nikamwuliza, njo ya nini sasa? "Ya kubeba jumeli." Nimekaa na jibu hilo wiki kadhaa. Naamka nalo. Mtu anauza mikanda ya kutembelea porini, kwenye pakiti kuna picha ya mzungu juu ya mlima, mguu mmoja hewani, na mikanda hiyo haiko ya kutembea! Labda nilitakiwa kuivaa sebuleni, nimtazame jirani.

Sikutaka pesa. Nataka hilo lieleweke. Nilitaka klipu nyingine, ya senti, na mtu wa kusema "pole". Nikamwonyesha jumeli, nikamweleza habari ya picha mbili. Hakuitia machoni. Alisema, "Hii ni kizamani, upeleke ku mize," yaani makumbusho. "Jumeli mpya ziko pale," akaonyesha kabati kwa simu yake, kwa ile ile simu, hata kidole hakutumia. Nikatoka. Nilisahau breteli juu ya meza, ikabidi nirudi kuzichukua, na hilo lilinidhalilisha kuliko yote.

Kwa hiyo: msinunue. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika siku ile, kwa herufi kubwa. Sikutuma.

Sikutuma kwa sababu nilipita soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, si ile nchi, kwa mzee mmoja fundi viatu ambaye huniwekea soli. Alizigeuza breteli akauliza nani alizishona, akasema ni kamba za kufungia kuku. Kisha akachukua ile klipu ya kushoto, iliyokuwa bado nzima, akaibonyeza ulimi polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Plastiki ni nyeusi, lakini pale inapokunjika pakatokea mstari mweupe, mwembamba kama unywele. "Ona. Ikikuwa nyeupe, imeanza kufa." Akaiachia, weupe ukapungua, haukuisha.

Halafu akafanya jambo ambalo mwenye duka hakulifanya: akazifunga kwenye jumeli akanivalisha mimi, nimesimama katikati ya sandali za watu. Akanizunguka. Akaniambia niiname. Na akaona. Jumeli ya baba ni pana, masikio yake yametazama nje, kwa hiyo mkanda hauvuti klipu chini moja kwa moja, unaipindisha. Klipu ile inavumilia kuvutwa, hata ukiivuta kwa nguvu zako zote. Kupindishwa haivumilii, jino moja linabeba mzigo wa mawili. Kwa jumeli nyembamba za sasa pengine ingekaa miaka.

Mnaelewa maana yake? Maana yake ni kwamba yule bwana, kwa ufidhuli wake, alikuwa na nusu ya ukweli. Breteli hazikutengenezwa kwa jumeli kama ile. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu angeweza kuniambia siku ya kwanza, au kijana wake angeniambia, maana jumeli ilikuwa mezani mbele yao na waliiona ikikataa kuingia kwenye mfuko. Walichukua dola 35 wakanyamaza.

Mzee alikata klipu ya kulia akaitupa. Mahali pake akashona kipande cha ngozi na mosketoni ndogo ya shaba, ile ndoano ya kufungia ukanda wa mbwa, ambayo shingo yake inazunguka. Nikiinama inageuka pamoja na jumeli, haipindwi. Ilikuwa inalia kidogo, akaivika mpira wa ndani wa baiskeli. Franka 10,000. Nilimpa zaidi akakataa, baadaye akakubali soda.

Jumeli nayo niliipeleka kwa fundi saa. Alibandua ngozi ya pembeni kwa wembe, chini yake akakuta viskrubu ambavyo sikujua vipo, akawa anageuza kidogo mimi nikitazama mnara wa simu wa mbali na kumwambia "bado, bado, hapo". Sasa mnara ni mmoja. Karibu mmoja. Jioni, macho yakichoka, unapata kivuli.

Basi hukumu yangu ni ipi? Kama jumeli yako ni ya kisasa, nyembamba, chukua breteli za X, achana na mifuko ya sumaku, shingo yako itakushukuru. Dukani pale? Nilisema sitakanyaga tena. Juzi nimepita nikaona wana soksi nzuri. Sikuingia. Kama una jumeli ya mzee wako, nenda nayo, ifungeni hapo hapo dukani, uiname mbele yao mara ishirini, wacheke wakicheka. Au usinunue kabisa, umpe fundi viatu ngozi na mikanda ya mpira akushonee za kwako. Mimi ningerudi nyuma ningefanya hivyo. Ingawa, nikiwa mkweli, ule mpira wao unavutika vizuri sana, sijui mzee angeupata wapi.

Mosketoni alikuwa nayo moja tu. Upande wa kushoto bado ni klipu ile ya duka, nimeifungia kamba ya kiatu kama akiba. Kila ninapotoka naibonyeza kwanza, naitazama dirishani kwenye mwanga. Jumamosi ule weupe ulikuwa haujaongezeka.