RNA kwanza au protini kwanza? Tuulize ribosomu

Uhai ulipoanza, kipi kilitangulia: RNA, molekuli ndugu ya DNA, au protini? Ukipita Matondoni, Lamu, jahazi likiwa bado linaundwa, huoni tanga wala rangi. Waona mkuku na mataruma. Ribosomu, mtambo wa seli unaounda protini, nayo ikaguliwe hivyo: kipi mkuku, kipi kalafati?

Hoja ya protini ni nyepesi kushika. Asidi amino, vijenzi vya protini, hutokea bila uhai: mwaka 1953 Stanley Miller alizipata kwa kupitisha cheche za umeme kwenye methani, amonia, hidrojeni na mvuke wa maji. Tatizo, protini haijinakili. Ikitokea moja nzuri kwa bahati, ikivunjika ndiyo basi.

RNA hubeba maandishi ya urithi na pia hufanya kazi, na ushahidi umo ndani ya ribosomu yenyewe. Ya bakteria ina RNA 3 na protini zaidi ya 50, lakini RNA ndiyo takriban theluthi mbili za uzito. Mwaka 2000 lilichorwa umbo la kipande kikubwa cha ribosomu ya arkea (kiumbe cha seli moja kinachofanana na bakteria) wa Bahari ya Chumvi: pale asidi amino zinapounganishwa, pamezungukwa na RNA tupu, na protini ya karibu iko kama nanomita 1.8. Kalafati hiyo! Mkuku ni RNA.

Ila mkuku huu huoza upesi. Alkali huukata kupitia hidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoshikana) ya kaboni ya pili ya sukari yake. Magnesiamu nayo ina pande mbili: ikipungua mno, vipande viwili vya ribosomu huachana, ikizidi, hasa kwenye joto, huharakisha kukatika kwa RNA. Peptidi fupi, yaani minyororo midogo ya asidi amino, zilizoishikilia RNA tangu mapema zingeifaa sana.