Little Anne QCPR mikononi mwa daktari wa dharura anayefundisha na kutafiti

Daktari wa dharura anapoanza kufundisha, kifaa cha kwanza anachohitaji ni kifua cha kukandamiza. Anapoanza kutafiti, kifaa hichohicho humvutia tena, maana kinatoa namba bila mgonjwa kuguswa. Little Anne QCPR, sanamu ya kiwiliwili cha mtu mzima inayotengenezwa na Laerdal, imo katika vyumba vingi vya mafunzo ya CPR (kukandamiza kifua na kupuliza pumzi kwa mtu ambaye moyo wake umesimama) kwa sababu hizo mbili. Kwa ualimu tunaipendekeza bila kusita. Kwa utafiti inafaa kwa masharti, na mwenye kuyapuuza ataandika makala ambayo mhakiki makini ataibomoa katika ukurasa wa kwanza.

Laerdal ni kampuni ya Norway ambayo zamani ilitengeneza vitu vya kuchezea watoto. Sanamu yake ya kwanza, Resusci Anne, ilitoka mwaka 1960, mwaka uleule ambao watafiti Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walichapisha makala yao kuhusu kukandamiza kifua bila kukipasua. Little Anne ni ndugu mdogo wa sanamu hiyo: haina mikono wala miguu, haiwekwi mpira wa koo, haina mshipa wa kuchoma sindano. Anayetaka kufundisha njia ya hewa kwa kina atafute kitu kingine. Hapa unanunua kichwa kinachoinamishwa nyuma, mapafu ya plastiki ya kubadilisha, uso unaobanduka ili uoshwe, springi ya kifua, na kihisi kinachotuma vipimo kwa Bluetooth hadi kwenye simu au kishikwambi.

Vipimo hivyo ndivyo thamani yake. Mwongozo wa CPR unataka kifua cha mtu mzima kishuke sm 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kiachiwe kiinuke kikamilifu kila mara, na mapumziko ya kupuliza pumzi 2 baada ya mikandamizo 30 yasizidi sekunde 10. Jicho la mkufunzi haliwezi kutofautisha sm 4 na sm 5 kwa uhakika, hata liwe na uzoefu kiasi gani. Ndiyo maana Chama cha Moyo cha Marekani, kuanzia Januari 31, 2019, kilifanya kifaa cha kutoa mrejesho kuwa sharti katika kozi zake zote za CPR ya mtu mzima.

Darasani, gawa sanamu moja kwa wanafunzi 2 au 3, si zaidi. Iweke sakafuni au juu ya meza ngumu na fupi. Meza ikiwa ndefu viwiko vinakunjika na nguvu inatoka kwenye misuli ya mikono badala ya uzito wa mwili. Duru ya kwanza iwe ya dakika 2 huku skrini imefunikwa. Hicho ndicho kipimo cha mwanzo, na usimsahihishe mtu hapo. Duru ya pili afanye huku anaiona skrini, na duru ya tatu ifunikwe tena. Wakufunzi wengi huikata hii ya tatu kwa kuokoa muda, wakati ndiyo muhimu kuliko zote: mwanafunzi aliyejifunza kwa kufuata mstari kwenye kioo hukosa mwelekeo kioo kikiondoka, na chumba cha dharura hakitakuwa na kioo hicho. Mlio wa "klik" wa kifua una ubaya huohuo. Ni msaada mzuri kwa asiyewahi kukandamiza kabisa, lakini uzime kabla ya mtihani, la sivyo utapima usikivu.

Kosa linaloonekana zaidi, hata kwa madaktari wazoefu, ni kuegemea. Mtu anashuka vizuri, anapanda, lakini anabakiza uzito kifuani, na moyo haupati nafasi ya kujaa damu. Mwenyewe hahisi. Kihisi kinaona, na kwa hilo pekee sanamu hii imelipa gharama yake. La pili ni uchovu: kina huanza kupungua kabla mkandamizaji hajakiri kuwa amechoka, ndiyo sababu ya kubadilishana kila dakika 2. Mwonyeshe mwanafunzi mchoro wake mwenyewe ukishuka, atakubali kupokewa bila mabishano.

Upande wa pumzi kuna mtego mmoja wa kifaa. Mfuko wa mapafu usipoingizwa sawasawa, au mrija wake ukijikunja, kifua hakiinuki hata kichwa kikiwa kimeinamishwa ipasavyo. Mwanafunzi hulaumu mkono wake na kuanza kupuliza kwa nguvu, tabia mbaya ambayo ataondoka nayo. Puliza wewe mwenyewe mara mbili kila sanamu kabla ya darasa. Na uso wa plastiki hushikana na barakoa ya ambu (mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono) kwa urahisi kuliko uso wa mgonjwa mwenye ndevu, damu au asiye na meno, kwa hiyo mwanafunzi asijione amehitimu. Jambo jingine ambalo halipaswi kuachiwa kifaa ni mahali mikono ilipo. Hilo lisimamie kwa macho yako.

Sasa utafiti. Wazo linalomjia karibu kila daktari kijana mwenye sanamu hizi ni kupima kabla na baada ya mafunzo, kuchukua asilimia ya jumla inayotolewa na programu ya simu, na kutangaza kwamba imepanda. Kuna matatizo matatu hapo.

La kwanza ni asilimia yenyewe. Alama ya jumla hukusanya kina, kasi, kuachia na mapumziko kwa fomula ya mtengenezaji, na fomula hiyo si yako. Wanafunzi wawili wenye alama 70 wanaweza kuwa na kasoro zisizofanana hata kidogo: mmoja anakandamiza kwa kina kidogo, mwingine anapumzika mno. Chagua matokeo yako kabla ya kukusanya chochote: asilimia ya mikandamizo iliyofika sm 5 hadi 6, asilimia iliyoachiwa kikamilifu, na sehemu ya muda ambao kifua kilikuwa kikikandamizwa. Wastani wa kasi usiutegemee peke yake. Aliyeenda 90 dakika ya kwanza na 130 dakika ya pili ana wastani wa 110, na hakuna dakika hata moja aliyokuwa sahihi. Kabla hujaandika itifaki, yaani mpango wa utafiti, fanya jaribio moja, toa faili la data, ulifungue na uangalie safu zilizomo. Ukikuta muhtasari tu, bila thamani za mkandamizo mmoja mmoja, swali lako la utafiti lipunguze au tafuta sanamu ya daraja la juu.

Hesabu ya muda wa kukandamiza inastahili kufanywa kwa kalamu mbele ya wanafunzi. Kwa kasi ya 110, mikandamizo 30 huchukua sekunde 16 na kidogo. Pumzi mbili zikichukua sekunde 5, kifua kinakandamizwa takriban asilimia 77 ya muda. Zikichukua 10, ambazo bado ziko ndani ya mwongozo, inashuka hadi 62 hivi. Sekunde 5 tu, na tofauti ni kubwa.

La pili ni idadi. Mwanafunzi akikandamiza mfululizo kwa dakika 2 anatoa mikandamizo kama 220. Wanafunzi 20 wanatoa 4,400, na mtafiti hufurahi kuwa ana sampuli kubwa. Hana. Ana watu 20, kwa sababu mikandamizo ya mtu mmoja inafanana kama watoto wa tumbo moja. Fanya muhtasari kwa kila mtu kwanza, au mwombe mtakwimu modeli ya takwimu inayozingatia marudio ndani ya mtu.

La tatu ni muda. Kupima mara baada ya darasa kunaonyesha kumbukumbu ya mchana ule. Ujuzi wa CPR hufifia ndani ya miezi 3 hadi 6, basi kipimo chenye maana ni cha miezi hiyo, pamoja na kundi la ulinganisho. Panga tangu mwanzo jinsi ya kuwapata watu tena, kwani wanaorudi aghalabu ndio wenye bidii, na matokeo yanapendeza kwa sababu isiyo ya mafunzo.

Springi nayo huchoka. Ukitumia sanamu kuukuu kwa kundi moja na mpya kwa lingine, umepima springi. Gawa sanamu kwa kura, zipe namba, na kila asubuhi ya kukusanya data bonyeza kila moja hadi sm 5 kwa rula na uone kama programu inakubali. Namba hizo pia zinakukinga na Bluetooth: sanamu nne chumbani zikiwa na majina yanayofanana, ni rahisi data ya Namba 2 kurekodiwa kwa mwanafunzi wa Namba 3. Bonyeza moja, angalia ni jina lipi limeshtuka, ndipo uanze.

Usichanganye pia vipimo vya kihisi cha ndani na vya kile kifaa bapa kinachowekwa juu ya kifua. Cha ndani hupima umbali kati ya kifua na mgongo wa sanamu. Bapa kinachopima kwa mwendo huhesabu pia jinsi godoro linavyobonyea, hivyo juu ya kitanda chenye godoro laini hutoa kina kikubwa kuliko kilichopatikana.

Kuhusu ridhaa: hao ni wanafunzi wako, na hawako huru kukukatalia. Mtu mwingine asiye na mamlaka juu yao ndiye awaalike, kamati ya maadili iidhinishe kabla, na alama za utafiti zisifike kamwe kwenye karatasi ya mtihani.

Unapoagiza, weka kwenye oda ileile mapafu ya akiba ya kutosha darasa kwa darasa, nyuso za ziada ili moja ioshwe nyingine ikitumika, na springi ya akiba. Mapafu hubadilishwa baada ya kila darasa. Nyuso huoshwa kwa sabuni, husuuzwa na kukaushwa kabisa kabla ya kurudi kwenye begi, na kati ya mwanafunzi na mwanafunzi hupanguswa kwa spiriti ya asilimia 70. Wino wa kalamu na rangi ya mdomo huingia kwenye ngozi ya plastiki na havitoki. Toa betri kama sanamu itakaa wiki kadhaa bila kazi, na usirundike vitabu juu ya begi lake.