Kizibao cha filamu ya makauboi kutoka mnadani: uzoefu wangu

Safari hii nilinunua kupitia kampuni ya mnada ya Los Angeles ambayo sikuwahi kuitumia. Nilichochukua ni kizibao cha sufu cha kahawia chenye mistari, kilichovaliwa na mwigizaji wa pembeni katika filamu ya makauboi ya miaka ya 1950.

Huduma yao kabla ya mnada ni nzuri sana. Niliomba picha za ndani ya nguo nikaletewa bila kuzungushwa: bitana, makwapa, upindo, kila kitu. Kwenye bitana ipo lebo ya Western Costume, kampuni ya kukodisha mavazi iliyoanza mwaka 1912, na jina la mwigizaji pamoja na kipimo cha kifua vimepigwa taipu. Mshono wa mgongoni umefumuliwa ukashonwa upya kwa uzi uliokoza kidogo, maana yake kizibao kilipanuliwa baadaye avae mtu mwingine. Wapo wanaokimbia wakiona marekebisho ya aina hiyo. Mimi ndiyo yaliyonituliza. Hollywood ya wakati ule haikutupa nguo. Ilipunguzwa, ikapanuliwa, ikatiwa rangi nyingine na kurudishwa kazini. Nguo ya zamani isiyo na alama hata moja ya kazi ndiyo inayonitia wasiwasi.

Cheti chao sasa. Karatasi nzito, muhuri unang'aa, lakini maelezo yake yanaishia kusema kizibao "kinaaminika" kutumika katika filamu hiyo. Kinaaminika na nani, kwa ushahidi gani? Hakuna. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe: nikaisimamisha filamu kwenye tukio la baa na kutazama mfuko wa kushoto. Fundi aliubandika mfuko ule ukapinda kidogo, kwa hiyo mstari wa tatu haukutani na mwenzake wa juu. Kwenye filamu hivyo hivyo, mstari ule ule. Mistari haikatiki sehemu moja kwenye nguo mbili, na ushahidi wa namna hiyo ndio ulipaswa kuandikwa kwenye cheti.

Nasisitiza hili kwa sababu fedha zilizomo zinawavuta matapeli. Viatu vyekundu vya mwigizaji Judy Garland vya filamu ya mwaka 1939, The Wizard of Oz, viliuzwa dola 15,000 kwenye mnada wa studio ya filamu ya MGM mwaka 1970. Jozi nyingine ilifika dola milioni 28 mwaka 2024, kabla ya ada. Jozi hiyo ya pili iliibwa makumbusho ya Minnesota mwaka 2005, na ilipopatikana mwaka 2018 wataalamu waliilinganisha na jozi ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington, wakagundua kwamba viatu vya jozi hizo mbili vilichanganywa. Waliotoa jibu ni viatu vyenyewe.

Upande wa gharama, jiandae. Nyundo iligongwa kwa dola 900, ada ya mnunuzi ya asilimia 25 ikanifikisha 1,125, na usafirishaji na bima vikawa juu yangu. Ufungaji hauna kasoro: karatasi isiyo na asidi, kizibao kimelazwa bila kukunjwa.

Nitanunua kwao tena kitu chenye lebo na picha za ndani. Gauni la nyota mkubwa, kwa cheti cha aina ile, silichukui.