Kurasa zilizorukwa: vitabu vya picha vya viongozi wetu, tulivyovisoma nyumbani Nyegezi

Nilinunua vitabu vitatu siku chache kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita. Kimoja cha Mwalimu Nyerere, kimoja cha Mzee Karume, kimoja cha Bibi Titi Mohamed. Ni hadithi fupi za maisha ya viongozi, picha ukurasa mzima na maneno machache chini, na jalada linasema ni vya watoto wa miaka minne hadi minane. Kimoja ni shilingi 9,000. Kwa kuwa nilichukua vyote vitatu muuzaji alinipunguzia, nikalipa 25,000 kwa simu, vikaja na basi kutoka Dar es Salaam, nikavichukua stendi hapa Nyegezi, Mwanza, vikiwa vimefungwa vizuri kwenye boksi la sabuni.

Nina mapacha wa miaka saba, Kulwa wa kike na Doto wa kiume, na mama yangu mzazi anaishi nasi. Nawataja mapema kwa sababu haya si maoni yangu peke yangu. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti baada ya chakula cha usiku, wao wanasikiliza, na msikilizaji ndiye anayejua kitabu kinapoanza kuchosha.

Cha Mwalimu ndicho tulichokianza na ndicho tulichokisoma mara nyingi kuliko vingine. Kinafungua kwa mvua. Ni Butiama, mwaka 1922, mawingu meusi juu ya vilima, na mama amembeba mtoto mchanga. Kitabu kinaeleza kwamba mtoto huyo aliitwa kwanza Mugendi, yaani mtembezi kwa Kizanaki, kisha akapewa jina la Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Usiku ule tuliposoma, mvua ya ziwani ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nilikuwa napaza sauti. Doto akaniuliza kama mvua hii yetu na ile ni moja. Nikamwambia ziwa ni moja, huenda na mvua ni moja. Tangu siku hiyo mvua ikianza hapa nyumbani inaitwa Kambarage.

Mchoraji wa kitabu hiki nampongeza kwa moyo wote kwa jambo moja: mawe. Amechora vilima vya Butiama na miamba yake mikubwa iliyobebana, na watoto wa Mwanza wanaijua miamba. Kulwa aliweka kidole pale pale akasema, "Mama, hapa ni Kirumba!" Si Kirumba, lakini alikuwa amejiona kitabuni, na baada ya hapo hakuhitaji kubembelezwa asikilize. Kuna pia picha ya wanaume wamekaa chini ya mti wanacheza bao, na mtoto anachungulia katikati ya mabega yao. Mwalimu alilipenda bao mpaka uzeeni. Mama yangu aliitazama picha ile kwa muda, akasema kete zimepangwa sawasawa.

Ziwa lenyewe ndilo lililomshinda mchoraji. Ukurasa unaoonyesha Musoma una minazi mirefu na mchanga mweupe kama wa Unguja, na mashua ya tanga ambayo sijawahi kuiona huku. Mtoto wa Mwanza anajua ufuo wa ziwa ulivyo: magugumaji, matete, mitumbwi, dagaa wameanikwa, korongo wamesimama wanasubiri. Nawaomba waliotengeneza kitabu wamtume mchoraji siku mbili tu akakae Mwaloni, soko letu la samaki, na daftari lake.

Safari ya kwenda shule imeandikwa vizuri sana. Kambarage alianza shule mwaka 1934 akiwa na miaka kumi na miwili, katika Shule ya Mwisenge, Musoma, zaidi ya kilomita 30 kutoka kwao, na alikwenda kwa miguu. Kitabu kinatumia kurasa nne nzima kwa safari hiyo. Asubuhi, jua la utosini, vumbi, kisha taa za mbali. Maneno ni machache: "Akatembea. Akatembea. Akatembea." Watoto walikuwa wanayaitikia pamoja nami. Nikawaambia ni kama mtu atoke mjini hadi Kisesa na kurudi kwa miguu. Doto akanyamaza, maana Kisesa kwake ni mbali hata kwa daladala. Wiki iliyofuata, tukiwa mjini, akasoma kibao cha Barabara ya Nyerere akaniuliza inaishia wapi. Nikamjibu ukiifuata, ukashika njia hiyo hiyo bila kukata tamaa, utafika Musoma. Akasema, "Kumbe ni njia yake."

Baada ya hapo kitabu kinabadilika kama kimeandikwa na mtu mwingine. Tabora, Makerere, Edinburgh, kila sehemu sentensi moja, na maneno yanakuwa mazito: "alitunukiwa", "harakati za ukombozi", "kwa mujibu wa katiba". Mtoto wa miaka saba hayabebi. Mimi nilikuwa nageuza maneno nikiwa nasoma. Penye "harakati za ukombozi" nikasema walikutana, wakapanga, wakaomba nchi yao. Jambo ambalo watoto walilitaka sana limepitwa haraka: kwa nini anaitwa Mwalimu? Kulwa alidhani alikuwa mwalimu wao wa darasa. Ilibidi niwasimulie mwenyewe kwamba alifundisha kweli, Tabora na baadaye Pugu, na kwamba chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 alikuwa bado anashika chaki. Mwaka uliofuata akaiacha kazi ya ualimu, lakini jina likabaki. Mtu kuacha kazi anayoipenda na mshahara wake kwa ajili ya wenzake ni jambo ambalo mtoto analielewa kabisa. Lilistahili ukurasa na picha.

Cha Mzee Karume ni chembamba, na kimetulia. Miaka yake ya ubaharia imechorwa kwa rangi za kupendeza, meli kubwa na kijana mdogo kwenye sitaha, na bahari pale ni bahari kweli, minazi iko mahali pake. Ukurasa wa mwisho ni ule wa mwaka 1964, Mwalimu anachanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Siku iliyofuata nilikuta sufuria yangu ya mboga ina mchanga wa ziwani na udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba. Sikugomba.

Sasa cha Bibi Titi, ambacho nilikinunua hasa kwa ajili ya Kulwa. Mwanzo wake ni mzuri mno. Binti wa Dar es Salaam, sauti yake, ngoma, wanawake wamemzunguka kwa kanga zao, kisha mwaka 1955 anaanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwaita wanawake wajiunge na TANU. Kulwa alifurahi kwamba mtu anaweza kuwa kiongozi kwa kuimba. Tukageuza ukurasa, Uhuru, bendera, fataki. Tukageuza tena, bibi mzee ameketi kibarazani anatabasamu, chini yake kumeandikwa kwamba barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Kulwa akarudisha ukurasa nyuma. Akaenda mbele. Akasema, "Mama, hapa katikati alikuwa wapi?"

Nilikosa la kusema kwa haraka. Katikati hapo Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa. Sidai kitabu cha mtoto kieleze kesi nzima. Lakini sentensi mbili zingetosha: palitokea ugomvi mkubwa kati ya viongozi, akafungwa gerezani, baadaye akatoka na watu wakaendelea kumheshimu. Watoto wanajua ugomvi. Wanajua kupatana. Wasichokipenda ni kuona ukurasa umerukwa, na wanauona haraka kuliko sisi.

Nikarudi kwenye cha Mwalimu kukitazama upya, na huko ndiko mama yangu alikoingia. Kuna picha ya kijiji cha Ujamaa: nyumba zimepangwa mstari, watu wanalima pamoja wanacheka, jua limechomoza. Maneno yanasema Mwalimu aliwaleta watu pamoja vijijini na wote wakafurahi. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Si wote."

Watoto wakamgeukia. Mama ni wa Magu. Mwishoni mwa mwaka 1973 serikali iliagiza watu wote wa vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji vya pamoja kufikia mwaka 1976, na kwao walihamishwa yeye akiwa na miaka kumi na miwili. Akawasimulia boma la baba yake, nyumba za msonge, zizi, na ua wa minyaa uliopandwa na babu wa babu. Lori lilifika, wakaambiwa wapakie. Paa likaezuliwa ili wasirudi. Pamba ilikuwa bado shambani. Huko walikopelekwa hapakuwa na kitu, walilala chini ya mti.

"Ulilia, Bibi?" Doto akauliza.

"Mama yangu ndiye alilia, mume wangu. Mimi nilikuwa nimebeba kuku."

Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. Akasema kwamba kule kijijini shule ilikuwa karibu, na yeye alisoma kwa sababu hiyo. Akasema redio ilipotangaza kifo cha Mwalimu, Oktoba 1999, alilia kama aliyefiwa na mzazi. Yote mawili aliyasema kwa sauti ile ile, mchele mkononi, na wajukuu wakayapokea yote mawili bila shida. Nikawaza: kama mtoto wa miaka saba anaweza kuyabeba haya kutoka kwa bibi yake, kwa nini asiyabebe kutoka kitabuni?

Na Mwalimu mwenyewe asingekataa. Mwaka 1984, akiwa bado rais, alisema waziwazi kwenye mahojiano kwamba yapo mambo asingeyafanya tena kama angeanza upya, akataja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Kwetu huku Kanda ya Ziwa hilo la ushirika si dogo. Kabla ya vyama, wakulima wa pamba walikuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, na miaka ya 1950 wakajikusanya wakapima pamba yao wenyewe. Aliyewaongoza ni Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925 na kufanya kazi yake hapa Mwanza. Shirikisho lao likamiliki mpaka majineri, yaani viwanda vya kuchambua pamba, na Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha. Mwaka 1976 ushirika ukavunjwa. Babu yangu aliuzia pamba chama mpaka kilipofungwa, na alikufa hajaacha kukizungumzia.

Kiongozi mkubwa kiasi kile kusema hadharani "hapa tulikosea" ni picha ambayo ningelipia mara mbili. Ingechorwa kirahisi tu: mzee ameketi, mkono kifuani, anasema. Haimo. Na cha Bomani nimekiulizia kwa muuzaji na kwenye maduka mawili ya mjini, hakuna. Kitabu cha mizani, fikiria! Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa kununua dagaa anajua mizani ni nini na anajua kupunjwa ni nini. Atakayekiandika anitafute, nitakuwa mnunuzi wa kwanza.

Kuhusu ubora wa vitabu vyenyewe: karatasi ni nzito, inang'aa, rangi hazijafifia. Udhaifu ni kwenye mgongo. Vimebanwa kwa pini mbili tu, na cha Mwalimu kilianza kuachia kurasa za katikati wiki ya tatu. Nilimwandikia muuzaji WhatsApp, akasema vilivyobaki ni hivyo hivyo. Nikakishona kwa uzi wa nailoni, kinaendelea. Maandishi ni makubwa, Kulwa sasa anasoma mwenyewe zile kurasa za safari. Cha Karume kina kosa la chapa kwenye jalada la nyuma, si la kukuzuia kununua.

Ukiniuliza kama ununue, nitasema ndiyo, anza na cha Mwalimu, hasa kama unaishi kando ya ziwa hili na una mtu mzima wa kukaa karibu wakati unasoma. Cha Bibi Titi nunua pia, ila jiandae na lile swali. Kumsomea mtoto wa miaka minne utahitaji kupunguza maneno ya nusu ya pili. Mtoto wa miaka tisa kwenda juu atavimaliza kwa dakika kumi na kudai zaidi.

Jumapili iliyopita nilimkuta Doto amelala kifudifudi sebuleni, cha Mwalimu kimefunguliwa nyuma kabisa, kwenye ule upande wa ndani wa jalada usio na maandishi. Alikuwa anachora kwa penseli nyumba ya msonge isiyo na paa, na mama amekaa pembeni anamwelekeza. Nikataka kumkataza kuchorachora kitabu, nikaona mama ananitazama. "Ongeza minyaa," alikuwa anamwambia. "Ilizunguka boma lote. Na mimi niweke hapa, nina kuku."