The Crane Wife au The Hazards of Love?
Kati ya albamu hizi mbili za The Decemberists, bendi ya Portland nchini Marekani, naichagua The Hazards of Love ya mwaka 2009, ingawa rafiki zangu hapa Dodoma huipenda zaidi The Crane Wife ya 2006, ambayo sehemu ya tatu ya ngano yake ya Kijapani hutangulia ile ya kwanza na ya pili. Hiyo husikilizika kwa vipande, hata ndani ya daladala. Ile ya 2009 ni tamthilia ya nyimbo 17 inayodai karibu saa nzima, na mwimbaji Shara Worden anapoingia kama Malkia juu ya magitaa mazito, nanyamaza kama tulivyonyamaza Chamwino, bibi alipolifikisha zimwi mlangoni.