Hedifoni za elfu 85 na yule kaka wa Kariakoo

Nianze na muuzaji, hedifoni zenyewe zinaweza kusubiri. Wewe kaka wa Kariakoo, mwenye duka la simu na vikorokoro vya sauti kule ndani ndani, unayehudumia wateja huku unacheza gemu, kama unasoma hapa ujue bado nina hasira na wewe. Hela uliyochukua ni halali yako. Ila lile neno la redio ya mbao sijalisahau na sioni dalili ya kulisahau.

Sasa kwa wengine. Mi narekodi kwaya, siyo prodyuza mkubwa, nina chumba kimoja Tabata, laptopu, saundi kadi niliyouziwa na mtu (kile kidude cha kuchomekea maiki na hedifoni kwenye laptopu), maiki moja na mablanketi mawili nimeyaning'iniza ukutani. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, ukuta hauna siri, jirani akipiga chafya namwambia pole na ananijibu asante. Kwa hiyo usiku spika hamna, na kazi yangu nafanya usiku maana mchana niko kibaruani. Miaka yote nilikuwa natumia vile vya kuchomeka masikioni vilivyokuja na simu mpaka kimoja kikafa, nikasema basi, nijichange ninunue za studio, za kufunika sikio lote, zenye waya, elfu 85. Sitaji jina lake. Najua kuna watu hapa watasema ungeongeza hela uchukue Sony MDR-7506, ambazo zipo sokoni tangu 1991 na vituo vingi vya redio utazikuta. Sawa, niongezee wewe.

Usiku wa kwanza nikavaa, nikafungua wimbo wa kwaya moja ya hapa mtaani niliokuwa namalizia. Kinanda kipo. Sauti za nyuma zipo, tena zimetanuka kushoto na kulia mpaka raha. Dada wa solo hayupo. Yaani yupo, lakini kwa mbali, kama anaimbia bafuni na mlango kaufunga. Besi nayo imekauka, ngoma inasikika kama mtu anagonga boksi la viatu.

Mtu mwenye akili hapo angejua kuna kitu hakiko sawa. Mimi nikafikiri ndo sauti ya studio hiyo. Si ndo wanavyosema, za studio hazikudanganyi, hazina besi ya kujipendekeza, zinakuonyesha kazi yako ilivyo? Basi nikaona kazi yangu ilivyo na nikasikitika sana, nikajiambia kumbe miaka yote hii nilikuwa nawapa watu takataka, wananipokea kwa huruma tu. Nikampandisha dada wa solo. Bado. Nikampandisha tena. Besi nikaijaza, ngoma nikaipa za kutosha, sauti za nyuma nikazipunguza zisimzibe, nikaendelea hivyo mpaka naanza kusikia magari ya kwanza kule barabarani. Nikamtumia mwalimu wa kwaya kwa WhatsApp na maneno ya kujisifu juu. Niliandika kabisa kwamba nimepata vifaa vipya, sasa ndo atasikia tofauti.

Akasikia. Mchana akanipigia, mzee wa watu hajawahi kunikwaza hata siku moja, anaongea taratibu, "Shikamoo mwalimu," "Marahaba mwanangu, hujambo? Samahani, nikuulize. Hii ni kwaya ya watu 22 au ni dada mmoja na bufa lake?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni nikacheza ule wimbo kwenye spika ya simu, nikasikia kile alichosikia mwalimu. Dada anatufokea. Besi inakoroma. Wenzake 21 wako nje ya kanisa. Hapo ndo nikaelewa tatizo siyo mimi, ni hivi vitu vya elfu 85, na hasira iliyonishika hapo sijui niielezeje, maana nilikuwa nimekesha nikiharibu wimbo mzuri kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku mbili tatu baadaye, sijui Alhamisi ile sijui Ijumaa, nikazirudisha kwenye boksi, nikapanda daladala mpaka Kariakoo kwenye joto lile, nikafika nimelowa. Nikamweleza yule kaka kwa upole. Nasema kwa upole kwa sababu nilijiandaa njiani. Hakuinua macho. Akanyoosha mkono, akachukua hedifoni, akachomeka kwenye simu yake, akaweka singeli, akanipa. Nikavaa. Haki ya Mungu ilikuwa imekamilika. Besi ipo, sauti ipo katikati ya kichwa, kila kitu kipo. Nikabaki nimeduwaa, nikamwambia kaka nyumbani haiko hivi, nyumbani sauti ya katikati inapotea. Ndo akaniangalia kwa mara ya kwanza, akamwita mwenzake aliyekuwa anapanga kava, "Njoo msikie huyu, anasema sauti inapotea nyumbani kwake!" Wakacheka. Dada mmoja aliyekuja kubandikiwa protekta naye akacheka, hata hajui kitu. Halafu kaka akasema, "Bro, hizi ni za studio, sikio lako halijazoea. Rudi kwenye redio ya mbao."

Nikamwomba basi ajaribu kwenye mashine yenye tundu kubwa kama saundi kadi yangu. Akasema hapa siyo studio, na mali ikishauzwa hairudi, soma ukutani. Ni kweli ukutani pameandikwa. Kwa wino mwekundu.

Nilipofika nyumbani, nikachomeka, dada wa solo yuko bafuni tena.

Hapo ndo nilianza kuandika hii kitu kwa mara ya kwanza, ningeituma usiku ule ingekuwa matusi matupu, nyota moja kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Bahati bando liliisha.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi redio Buguruni, ana meza chini ya mwavuli, redio zilizokufa zimemzunguka. Nilimpelekea nikidhani waya umekatika ndani. Akaniambia nije na ile saundi kadi yangu ya kuchomekea, nikarudi nayo na laptopu. Akavaa, akasikiliza labda sekunde kumi, akavua. Hakufungua kitu chochote. Akashika kile kiadapta cha dhahabu dhahabu, kile kinachogeuza pini ndogo kuwa nene, akakizungusha. Kikaenda. Nusu raundi, labda na kidogo. Kikalia krrk, kikakaza. Akachomeka, akanipa. Dada wa solo huyu hapa, katikati ya paji la uso wangu, namsikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya beti la pili.

"Haikuingia mpaka mwisho," akasema. "Elfu mbili."

Nikamuuliza mzee elfu mbili ya nini, hujafungua hata skrubu. Akasema ya macho. Nikalipa, tena na soda nikamnunulia.

Alivyonieleza, na mi nikaenda kuhakikisha mwenyewe kwa kukilegeza na kukikaza mara kama ishirini, ni hivi. Pini ya hedifoni ina sehemu tatu: ncha ni sikio la kushoto, pete ya katikati ni la kulia, na shina ndo njia ya kurudia umeme wa masikio yote mawili. Pini isipozama sawasawa shina linakosa kugusa, sasa umeme hauna pa kurudia, unatoka kushoto unapitia kulia, na hapo kila kitu kinacholingana pande zote mbili kinauana chenyewe kwa chenyewe. Kinachobaki ni zile tofauti tu. Na kwenye wimbo vinavyolingana pande zote ni vipi? Sauti ya mwimbaji, besi, ngoma kubwa. Vinavyotofautiana ni sauti za nyuma, mwangwi, kinanda kilichotandazwa. Ndo maana kwenye simu ya yule kaka ilikuwa nzima, pale pini ndogo iliingia moja kwa moja bila adapta. Kwa hiyo ukisikia mwimbaji kaenda bafuni usikimbilie ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, kama mimi, sukuma pini kwanza. Na kama unatumia simu vua kava, kava nene linazuia pini kuzama, nimeshakuta watu wawili hivyo tangu siku ile na wote walikuwa wameshaamua hedifoni ni kopi.

Basi kosa langu, si ndiyo? Ndivyo nilivyosema wiki ile. Nilikuwa tayari kabisa kuzisifia. Kwa sababu zikishakaa sawa hivi vitu, kwa hela ile, vinasikika vizuri kuliko haki yake. Kuna wimbo wangu wa mwaka juzi nilisikia kiti kinalia kwenye beti la tatu, sijawahi kukisikia, na nilishaukabidhi na watu wameshaucheza kwenye harusi.

Ila haziji tayari, unazifundisha adabu. Cha kwanza sponji. Besi ya hedifoni za kufunika inategemea sponji kuziba sikio pande zote, hewa ikivuja na besi inaondoka nayo, na mi navaa miwani yenye mikono minene, kwa hiyo nilikuwa na kimwanya hapa juu ya sikio kila upande. Nikivua miwani besi inarudi, nikivaa inaondoka, na bila miwani sioni skrini. Nimenunua miwani ya mikono myembamba. Gharama hiyo ilaumiwe nani sijui.

Cha pili zinachoma. Herufi S zote za kwaya, "Bwana asifiwe sana", zinaingia kama sindano. Nikaweka Equalizer APO kwenye laptopu, ni programu ya bure ya Windows, nikapunguza desibeli tatu kwenye kilohezi 8 hivi, kule kwenye sauti nyembamba zinakochoma hizo S, na besi nikaongeza mbili tu, halafu nikashusha sauti ya jumla kidogo ili ile besi niliyoongeza isipasue. Ni muhimu hiyo, watu wanapandisha kila kitu halafu wanalalamika inakwaruza. Ukiwa na hedifoni zinazofahamika kuna mradi unaitwa AutoEq una mipangilio ya kuanzia nayo, bure, ya modeli kibao, na kwenye Android kuna programu ya Wavelet inayoitumia hiyo hiyo. Yangu haimo. Niliweka kwa sikio, nikilinganisha na nyimbo ninazozijua mpaka mwimbaji anapomeza mate. Na kabla hujafanya yote hayo zima vile vimadoido vya simu, sijui besi ya ziada sijui sauti ya sinema, utakuwa unanyoosha kitu ambacho simu inakipinda upya.

Tatu, usihangaike na maneno ya kuziacha zilie masaa mia ndo zilainike. Mi kilicholainika ni ule utepe wa kichwani, mwanzo zilikuwa zinanibana kama nimekopa.

Waya. Waya wake mfupi, nikigeuka kuchukua maji unavuta laptopu. Na sponji za ngozi ya plastiki kwa joto la Dar, masikio yanachemka, kila nusu saa nazivua nazifuta kwa fulana. Baada ya miezi kadhaa zimeanza kubanduka, vipande vyeusi vinabaki masikioni, nimeenda kibaruani watu wananiuliza umelala kwenye mkaa? Kwa hiyo nazisifia vipi. Na kile kiadapta, nimekiangalia vizuri kwa tochi, uzi wake umekaa upande, ndo maana pale mwanzo kilikaza kabla hakijafika, kwa hiyo siyo kosa langu lote, mtu yeyote angezungusha mpaka kigome aseme kimefika. Yule kaka angetoa dakika mbili akachomeka na adapta tungeliona tatizo pale pale. Dakika mbili. Mzee alitumia sekunde kumi.

Wimbo niliurudia kwa saa moja tu, mwalimu akasema sasa ndo wenyewe, ingawa dada wa solo nasikia aliipenda ile ya kwanza na ndo anayoicheza nyumbani kwake.

Juzi nikarudi Kariakoo kutafuta sponji. Nilizunguka sana, maduka kama manne hawana saizi, wa tano akaninyooshea kidole kule ndani ndani. Nikaenda. Kaka yule yule, gemu lile lile. Akainua macho, akanikumbuka, "Aah, redio ya mbao! Vipi, sauti ilirudi?" Nilikuwa nimepanga hotuba nzima ya shina na pete. Nikamwambia ilirudi. Akatoa sponji za kitambaa kama mahameli, zinakaa kabisa, elfu 15. Nikasema kumi. Akasema kumi na tano. Nikalipa kumi na tano.

Za kitambaa hazichemshi masikio, ila zinavujisha besi zaidi kidogo, nimebidi niongeze desibeli moja tena.