Kahawa ya robo kilo ya pale karibu na mnara wa saa Moshi, nimeitumia mwezi mzima

Wapendwa hii sio tangazo, nimenunua kwa hela yangu na nimeinywa mwezi mzima ndo nikaona niandike. Ni kahawa ya kusaga, robo kilo shilingi 7,000, kaduka kadogo tu dakika chache kwa mguu toka mnara wa saa, wanakaanga wenyewe hapohapo nyuma yaani harufu unaikuta barabarani kabla hujaliona duka.

Niseme kwanza mi nimekulia Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, chenye kahawa na migomba. Kila mwaka ikifika Julai ni kuchuma zile nyekundu, kumenya kwenye mashine ya mkono, kuloweka siku mbili ichachuke, kuosha, halafu kuanika kwenye kichanja na mkisikia mvua wote mnatoka mbio kwenda kufunika. Babu akishapeleka chama cha msingi anarudi na kile kikaratasi cha mizani amekikunja vizuri mfukoni. KNCU, ule ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ipo tangu 1933, babu alizaliwa akaikuta na amekufa akiwa mwanachama, lakini nyumbani kwetu tulikua tunakunywa chai. Kahawa ilikua ada ya shule. Ilikua mabati. Sijawahi kumwona babu na kikombe cha kahawa hata siku moja, na mi mwenyewe nimeanza kuinywa ukubwani, tena ile ya kopo ya kukoroga.

Sasa hii. Kwenye mfuko wameandika kwa kalamu tarehe ya kukaanga, na hicho ndo kitu cha kwanza nilichokipenda maana wengi wanakuandikia tarehe ya kuharibika tu. Wa kwangu ulikua na siku tatu. Ukimwagia maji ya moto inaumuka, povu la kahawia linapanda taratibu mpaka karibu na mdomo wa sufuria, vitundu vidogo vidogo vinapasuka, af inatulia. Kahawa ikikaangwa inabaki na hewa ndani yake na ndo hiyo inatoka, ikishakaa sana haina tena. Kuna sehemu nyingine hapa mjini sitaitaja, nilinunua paketi nzuri ina picha ya mlima, nikamwaga maji, kimya. Ladha kama boksi. Niliumia kwa sababu hiyo nayo imetoka kwenye kihamba cha mtu.

Mi sina mashine. Sufuria ndogo, maji ya kikombe kimoja yachemke, naepua nahesabu taratibu mpaka thelathini, naweka vijiko viwili vya chakula, nakoroga mara moja, nafunika dakika 4. Unga unashuka chini wenyewe, nachuja na chujio la chai hilihili la kila siku. Basi.

Ila kilichonifanya niandike ni asubuhi zangu zilivyobadilika. Nakaa Rau, nashona nyumbani, na zamani nikiamka kitu cha kwanza ni simu, meseji za wateja gauni langu limefikia wapi, nakunywa chai nimesimama huku nafunga vifungo vya sare za watoto. Sa hivi naamka nusu saa kabla yao, simu inabaki chumbani kwenye chaji, natoka kibarazani na kitenge mabegani maana Julai hii baridi ya Moshi mnaijua, nashika kikombe kwa mikono miwili. Saa 12 na nusu hivi mawingu yakiwa bado hayajapanda, Kibo, kile kilele cha mlima Kilimanjaro, inakua wazi kabisa, kale katheluji kanaanza kushika rangi ya jua, na jirani anafagia uwanja, unasikia fagio tu na kuku. Sifanyi chochote. Sijui kama mnanielewa, nina miaka 38 na sikumbuki mara ya mwisho nilikaa hivyo bila kumenya kitu au kushona kitu. Kikombe kikiisha ndo naenda kuamsha watoto, na siwapigii tena kelele za viatu viko wapi.

Juzi mama alishuka toka Kibosho nikamtengenezea, akanywa kidogo, akakaa na kile kikombe muda mrefu anakiangalia. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ndo ile yetu?" Nikamwambia ndo hiyohiyo mama. Akasema kumbe ina harufu ya maua. Halafu akaomba sukari vijiko viwili na kashata, na akamaliza yote. Jioni nikamfungashia nyingine kwenye kichupa cha asali.

Mapungufu yapo. Ule mfuko wa karatasi ukishafunguliwa haufungiki tena, ikifika nyumbani hamishia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana na usiweke karibu na jiko. Pia wanasaga laini sana usipowaambia, mimi mara ya kwanza ilipita kwenye chujio ikanijaa mdomoni, sa hivi namwambia yule dada anisagie ya chengachenga. Na wana ile waliyokaanga mpaka imekua nyeusi inang'aa mafuta, wenyewe wanaisifia kua ndo kali, mi naona inaficha ladha, chukua ile ya kahawia. Usinunue kilo nzima hata wakikupunguzia bei, ikishasagwa wiki mbili tu harufu imeshapungua, bora robo robo.

Nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu niliyokata ni ya mfuko. Jumamosi wanafunga saa 8 mchana na Jumapili hawapo kabisa, kwa hiyo ukitaka ya wikiendi pitia Ijumaa ukitoka sokoni.